Wiki Kumi na Saba za Mzee Maneno Matano

Kila ripoti iliyopita mikononi mwake aliipa maneno matano, hayakuzidi wala hayakupungua. Ripoti ya kurasa mia nne kuhusu magonjwa ya ng'ombe, maneno matano. Kijitabu cha kurasa tisa kuhusu ufugaji wa samaki, maneno matano. Wenzake wa maktaba wakamwita Maneno Matano, kisha wakafupisha wakabaki na Mzee Matano, na siku ya kwanza nilipotambulishwa kwake nilidhani ndilo jina alilopewa na wazazi.

Nimekaa kwenye maktaba za nchi zenye theluji na za nchi zenye vumbi, na kote nimejifunza kutafuta mtu kabla ya kutafuta kitabu. Namtafuta yule anayejua kilipo. Katika maktaba ile ya utafiti mtu huyo alikuwa ghorofa ya pili, karibu na dirisha lililogoma kufunguka, na mbele yake kopo la penseli zilizochongwa hadi zikawa fupi kama vidole vya mtoto. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kusoma ripoti za watafiti na kuandika kila moja inahusu nini, ili atakayeihitaji kesho aipate.

Alikuwa na utaratibu wake. Alisoma kutoka nyuma. Alianza na majedwali, akaenda kwenye hitimisho, akarudi katikati, na jina la ripoti alilisoma mwisho kabisa.

"Jina la ripoti ni kama nguo ya harusi," aliniambia. "Utajuaje mtu anapika nini kwa kuangalia nguo yake ya harusi?"

Mwaka huo maktaba ilikuwa inahamia kwenye kompyuta. Ripoti zaidi ya elfu arobaini zilikuwa zimeskaniwa, na juu yake ukawekwa mtambo wa akili bandia. Unauandikia swali kwa maneno yako ya kawaida, nao unakujibu kwa sentensi zilizonyooka na kukutajia ripoti ilikotoa jibu. Wafanyakazi waliuita Mjuzi. Tatizo ni kwamba ripoti nyingi, hata zisizo za zamani sana, zilipigwa kwa taipu zenye utepe uliochoka au kwa printa zilizokuwa zikiishiwa wino, maandishi yakafifia, na Mjuzi hakuweza kuzisoma sawasawa. Hapo alitegemea maneno matano ya Mzee. Alifundishwa kwa hayo, kama mtoto anavyofundishwa majina ya vitu vya nyumbani.

"Mashine ni ya kununua," alipenda kusema mkuu wa kitengo cha dijitali, "lakini kichwa kilichomo ni cha Mzee Matano."

"Basi mwambie asisahau miwani bafuni," Mzee alimjibu.

Mkuu huyo alikuwa dada wa miaka ishirini na tisa. Walimwita Chaja, maana hakuna aliyewahi kumwona bila waya wa chaja shingoni. Yeye na Mzee walitaniana kutwa nzima. Uzinduzi wa Mjuzi ulipangwa kuwa Ijumaa, na siku hiyo hiyo Mzee angeagwa na kustaafu. Binti yake, muuguzi anayekaa upande wa pili wa mji, alikwishamtengea chumba.

Jumatatu ya wiki hiyo akaja mhandisi wa maji. Nilikuwa meza ya tatu kutoka kwao, nikasikia kila kitu. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa buti za mpira zenye matope yaliyokaukia, akatembea kwa vidole ili asichafue sakafu.

"Shikamoo Mzee. Samahani kwa buti."

"Marahaba. Sakafu hii imezoea vumbi la vitabu, matope yatakuwa sikukuu kwake. Tukusaidie nini?"

Akaeleza. Kwenye bonde moja la upande wa kusini kulikuwa na visima vitano virefu, vilichimbwa zamani na mradi uliokwisha kufa, kisha vikafungwa. Hakuna aliyekumbuka vilifungwa kwa nini. Sasa mito ya huko imekauka, akina mama wanatembea nusu siku kufuata maji, na ofisi yake inataka kuvifungua. Kipimo cha haraka walichokuwa nacho kilionyesha maji hayana vijidudu. Alitaka tu kujua kama kuna mtu aliwahi kuyapima kwa undani.

"Jumatano asubuhi nasaini," alisema. "Alhamisi mafundi wanafungua."

Chaja akamkalisha mbele ya kompyuta. Mhandisi akaandika swali lake. Mjuzi hakuchukua hata sekunde tano: *Hakuna utafiti wowote kuhusu ubora wa maji ya visima vya bonde hilo uliohifadhiwa katika maktaba hii.*

"Umeona?" Chaja akafurahi. "Zamani ungekaa hapa siku mbili ili uambiwe hakuna."

Mhandisi akamgeukia Mzee. "Na wewe Mzee wangu, unaonaje? Ni kweli hakuna?"

Mzee Matano alikuwa ameshika penseli. Nilimwona akiiweka chini, akaichukua tena.

"Mjuzi amesema hakuna," alijibu.

Mhandisi akashukuru, akaandika jina na namba ya simu kwenye daftari la wageni, akaondoka kwa vidole vile vile.

Yaliyofuata jioni ile Mzee alinisimulia mwenyewe baadaye. Alifika nyumbani akamkuta binti yake anafunga vyombo kwenye maboksi.

"Baba, kikombe hiki tunakiacha. Kina ufa."

"Mimi pia nina nyufa. Utaniacha?"

"Wewe unajua kuosha vyombo. Wewe tutakubeba."

Kwa kawaida Mzee angejibu, naye angejibiwa, wangeendelea hivyo mpaka mmoja ashindwe. Safari hii alikaa kwenye kiti ambacho hakijafungwa bado, akatazama ukuta. Binti yake akamwekea chakula. Hakikuguswa.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Baba, mimi ni muuguzi. Watu hunidanganya kila siku, tena wao hujitahidi."

"Kuna kazi niliifanya vibaya," alisema. "Zamani."

"Si uirekebishe? Una siku nne."

Alisema kama mtu anayezungumzia kifungo cha shati. Hakujua kazi yenyewe ilikuwa ya lini.

Ilikuwa ya miaka kumi na miwili nyuma, mwaka aliofiwa na mkewe. Maktaba ilimpa siku saba. Siku ya nane alirudi kazini, kwa sababu, kama alivyoniambia, nyumba ilikuwa imebaki na viti vingi mno. Alikaa kwenye meza yake, ripoti zikaletwa kama kawaida, naye akaziandikia maneno matano kama kawaida. Ila hakuzisoma. Alitazama jina juu ya jalada, akaandika, akasukuma upande wa pili. Alifanya hivyo wiki kumi na saba. Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimkagua. Yeye ndiye aliyekagua wengine. Wiki ya kumi na nane aliamka akasikia njaa, akala, akaenda kazini akaanza tena kusoma kutoka nyuma. Alijiambia atazirudia zile za nyuma akipata nafasi. Akawa anajiambia hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka zikaskaniwa zikiwa vile vile, na Mjuzi akazimeza pamoja na nyingine zote.

Jumanne asubuhi alishuka ghala la chini, mahali nakala za karatasi zilipohifadhiwa kwenye maboksi baada ya kuskaniwa. Alichukua daftari la mapokezi la mwaka ule, akatafuta tarehe. Hakuhitaji kutafuta sana. Boksi la tatu, katikati, ripoti nyembamba ya jalada la kijani: *Sura Mpya ya Bonde*. Juu ya kona, kwa mwandiko wake mwenyewe: Kilimo. Makazi. Bonde. Wanawake. Maendeleo.

Neno maji halikuwemo.

Alisimama pale kwa muda kabla ya kuifungua, kwa kuwa alijua itafunguka wapi. Ilifunguka hapo hapo. Ilikuwa picha ya mwanamke kando ya kisima kipya, mtoto mgongoni, anacheka kinywa wazi. Meno yake ya mbele yalikuwa na rangi ya chai.

Mkewe alikuwa na meno ya namna hiyo. Alikulia mahali pengine, mbali na bonde lile, lakini maji ya kwao yalikuwa na tabia hiyo hiyo. Kila alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Alifanya hivyo mbele ya wageni, mbele ya watoto, na hata wakiwa wawili tu jikoni. Mzee alimtania, akamsihi, akamnunia, haikusaidia. Miaka ishirini na mmoja ya ndoa alimsikia mkewe akicheka maelfu ya mara, lakini kumwona akicheka kulihitaji bahati. Na wiki mbili baada ya maziko, ripoti ilikuja mezani ikafunguka kwenye picha ya mwanamke asiyeziba mdomo. Aliifunga upesi. Hakuigusa tena mpaka Jumanne ile.

Safari hii aligeuza mpaka majedwali. Visima vitano, kila kimoja na mistari yake ya vipimo. Chini yake mtafiti aliandika waziwazi: maji ya kisima cha kwanza, cha tatu na cha nne yana floraidi nyingi kupita kiasi, watoto wakiyanywa kwa miaka yatawaharibu meno, na baadaye mifupa, visima hivyo vifungwe.

Alipanda ngazi bila kupumzika kwenye kona, jambo ambalo daktari wake alikuwa amemkataza. Chaja alimwona akiingia anahema.

"Mzee, umefukuzwa na panya?"

"Kaa chini, mwanangu."

"Nimeshakaa."

"Basi kaa zaidi."

Akaweka ripoti mezani, akamwonyesha jedwali. Chaja alisoma, akashika kichwa. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote mwema na mwenye haraka angefanya.

"Sawa, hii ni dakika moja. Naingiza neno maji, naingiza visima, naingiza floraidi. Mjuzi anajifunza, tunampigia mhandisi, kwisha. Hakuna atakayejua."

"Haiko peke yake."

"Ziko ngapi?"

"Mia tatu na kumi na sita."

Chaja akavua waya shingoni, akauweka mezani. Wenzake wanasema hawajawahi kuona jambo hilo kabla wala baada.

Mzee akamweleza yote: wiki kumi na saba, majina ya majalada, viti vingi nyumbani. Picha hakumweleza bado. Chaja alisikiliza bila kumkatiza, kitu kingine asichokizoea.

"Kwa nini hukuomba likizo ndefu?" aliuliza mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Ningeenda nayo wapi?"

"Mzee wangu, Ijumaa ni sherehe yako. Mkurugenzi ameandika hotuba nzima kwamba hujawahi kukosea. Nimeisoma, kuna mahali nililia. Hebu tuzirekebishe kimya kimya. Kidogo kidogo, mimi mwenyewe, ukishaondoka."

"Utazisoma?"

"Nita... Mjuzi atanisaidia."

"Mjuzi anaamini nilichoandika. Ndiyo shida yenyewe." Akavuta kiti. "Jana yule dada aliniuliza uso kwa uso. Nilijua. Sikujua ripoti inasema nini, lakini nilijua ipo na ni ya visima. Nikamwambia Mjuzi amesema. Nilijificha nyuma ya mashine, mimi mwenye miaka sitini. Kuna watu wengine mia tatu na kumi na tano wanaweza kuja na swali lao, waambiwe hakuna, nao waamini. Waandikie kwamba hizi hazikusomwa. Jina langu liweke hapo hapo."

Chaja alifungua daftari la wageni, akatafuta namba, akapiga, akampa simu.

"Mhandisi? Mimi ni mzee wa maktaba. Wa ghorofa ya pili. Umesaini?"

Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kwangu: "Kalamu iko mkononi, Mzee. Nimesema nisaini leo leo nipumzike."

"Iweke chini. Uje."

Alifika saa kumi jioni, na safari hii hakukumbuka kutembea kwa vidole. Alisoma majedwali akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa. Alipiga picha kila ukurasa kwa simu yake. Kisha akapiga hesabu pembeni ya daftari lake, akatoa pumzi ndefu.

"Viwili ni salama," alisema. "Cha pili na cha tano. Hivyo naweza kuvifungua Alhamisi baada ya kupima upya. Hivi vingine..." Akatikisa kichwa. "Shule iko mita mia mbili kutoka kisima cha tatu. Ningewapelekea bomba mpaka mlangoni." Akamtazama Mzee. "Jana ulisema haipo. Leo umeijuaje?"

Chaja alitaka kusema kitu. Mzee akamzuia kwa mkono. Akafungua ripoti kwenye picha, akaigeuza imwelekee mhandisi.

"Iliponifikia nilikuwa nimetoka kumzika mke wangu. Nilipoona picha hii niliifunga. Sikuisoma. Kosa ni langu, si la mashine. Jana niliona aibu kusema."

Mhandisi aliinama juu ya picha. Ni mtu aliyezunguka vijiji vingi vyenye maji ya aina hiyo, alijua anachokiona.

"Mkeo alikuwa akicheka anaziba mdomo?" aliuliza.

Mzee Matano alitingisha kichwa kukubali.

"Wengi hufanya hivyo," mhandisi alisema. "Wasichana hasa. Kule nilikotoka wiki iliyopita niliwaambia darasa zima watabasamu nipige picha, mikono yote ikapanda juu." Akafunga ripoti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. "Umeniokoa na kitu ambacho nisingejisamehe, Mzee. Nami nakuomba hiyo ya jana ujisamehe. Umechelewa siku moja tu."

"Miaka kumi na miwili."

"Mimi nahesabu kuanzia nilipouliza."

Alikaa nao mpaka maktaba ilipofungwa. Sikusikia yote waliyozungumza, na sikujaribu. Najua tu kwamba wakati mmoja Mzee alisimulia kitu kuhusu mkewe na jirani aliyekuwa na kasuku, na kwamba wote watatu walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Jumatano Chaja alikwenda kwa mkurugenzi. Alirudi masikio yamemchemka. Mkurugenzi alisema uzinduzi hauwezi kuahirishwa, wageni wamealikwa, na hotuba imeshapigwa chapa. Chaja alimwambia hotuba inaweza kusomwa bila ukurasa wa pili, ule wa kutokosea. Wakabishana kwa saa nzima, na mwishowe mkurugenzi akakubali mambo mawili. La kwanza, kila Mjuzi atakapojibu kwa kutumia ripoti za wiki zile, au atakapotaka kusema hakuna huku ripoti za wiki zile hazijakaguliwa, itatokea taarifa juu ya jibu. La pili, mkataba wa Mzee uongezwe mpaka amalize. Taarifa aliiandika Mzee mwenyewe kwa penseli, Chaja akaiingiza ilivyo:

*Ripoti 316 za kipindi hiki zilipewa maneno ya mada bila kusomwa. Aliyefanya hivyo ni mimi, na sasa nazisoma. Kama hukupata unachotafuta, usiamini bado kwamba hakipo. Njoo ghorofa ya pili uulize.*

Chini akaweka jina lake kamili, ambalo wengi wetu tulilisoma siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Ijumaa wageni walikuja, mkurugenzi akasoma hotuba ya ukurasa mmoja, Mjuzi akaulizwa maswali akajibu vizuri. Mgeni mmoja mwenye tai alisoma taarifa ya Mzee kwenye skrini, akauliza kwa sauti kama si jambo la kuaibisha kulianika mbele ya watu. Chaja akamwambia, "Kwa hiyo wewe ungependa usiambiwe?" Mgeni akarekebisha tai yake. Keki ilikuwa imeshaandikwa Kwaheri Mzee Wetu tangu mwanzoni mwa wiki, na mwokaji hakuwa na nafasi ya kuibadili. Ililiwa hivyo hivyo, na Mzee akakata kipande chenye neno Kwaheri akampa mlinzi aliyekuwa anatoka zamu.

Saa nane mchana sherehe ilikuwa imekwisha, viti vinarudishwa, naye alikuwa kwenye meza yake na boksi la kwanza kutoka ghala la chini. Simu yake ikalia. Aliiweka kwenye spika, maana mikono ilikuwa imejaa karatasi.

"Baba, gari la kuhamisha vitu limefika. Uko wapi?"

"Kazini."

"Si umeagwa?"

"Nimeagwa, nimekula keki, nimerudi mezani. Kitanda wakiweke karibu na dirisha. Nitakuja jioni kulala, na Jumatatu nitaondokea huko huko kwako kuja huku."

"Ni ile kazi ya zamani uliyosema?"

"Ndiyo hiyo."

"Ya wakati wa mama?"

Mzee akavua miwani. "Ulijuaje?"

"Wakati ule ulikuwa unanipigia simu kila siku saa sita, husemi kitu. Nikikuuliza unafanya nini unasema nasoma. Nilikuwa najua husomi." Sauti yake ikawa laini. "Zimebaki ngapi?"

"Mia tatu na kumi na tano."

"Haya. Kwa siku ngapi?"

"Nikisoma vizuri, mwaka na miezi kadhaa."

"Basi nitakuwa nakufungia chakula cha mchana. Sasa hivi unasoma nini?"

Mzee akarudisha miwani, akatazama ukurasa uliokuwa mbele yake. Kwenye jalada paliandikwa Ustawi wa Kaya za Milimani, na maneno yake matano ya zamani yalisema mambo ya kaya na ya milima.

"Nyuki," alisema. "Yote ni nyuki, kurasa sitini. Kuna mtu alikaa mlimani misimu mitatu akihesabu nyuki, mwanangu, na mimi nikamwandikia makazi."

Binti yake akaanza kucheka. Mzee hakukata simu. Aliiacha hapo mezani, kicheko kikiendelea upande wa pili, akachukua penseli, akafuta neno la kwanza.